Shangazi wa Msimbo: Tumenuniana kwa sababu ya mabano

Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu mwandishi wake ana kazi ya wiki mbili inayoning'inia. Nyingine tatu nimezijibu kwa ufupi, ingawa ya pili ilinichokoza kidogo.

Shikamoo Shangazi. Sisi ni watu watano tunaoandika maktaba (mkusanyo wa funksheni ambao programu nyingine huutumia) kwa lugha ya C, ya kusoma vipimo kutoka kwenye vihisi vya hali ya hewa. Tulianza wawili, na kwa miaka miwili hatukuwahi kubishana. Wakaongezeka watatu, kila mmoja na mkono wake. Mmoja anajongeza mistari (kuisogeza kulia) kwa tabo, wawili kwa nafasi nne, mmoja kwa nafasi mbili, na mimi kusema kweli huwa naiachia edita iamue. Mabano yaliyopinda ndiyo balaa lenyewe: wengine wanayafungua mwishoni mwa mstari wa `if`, wengine kwenye mstari unaofuata. Tumekaa vikao vitatu. Cha tatu kiliisha mtu akiondoka bila kuaga.

Ijumaa iliyopita mmoja wetu akaamua kumaliza ubishi peke yake. Usiku alipitisha faili zote kwenye programu ya kupanga msimbo, mistari elfu kumi na moja ikabadilika kwa mpigo, akaituma kwenye tawi kuu la Git, programu inayotunza historia ya msimbo wetu, na neno moja tu: "nimesafisha". Mimi nilikuwa na kazi ya wiki mbili kwenye tawi langu. Nikijaribu kuiunganisha, kila faili ina migongano. Na sasa nikiuliza `git blame` ni nani aliyeandika mstari fulani, jibu ni lilelile kila mahali: yeye. Hatusemeshani. Shangazi, mtindo upi ndio sahihi? Tuambie tuufuate, yaishe.
*Mwenye Tawi Lililovunjika*

Marahaba, mwanangu. Kabla sijagusa mabano, tuiokoe kwanza kazi yako. Kama umeshaanza kutatua migongano ile kwa mkono, acha. Andika `git merge --abort`, nyoosha miguu, kisha uanze upya hivi.

Kwenye tawi kuu lipo badiliko la mwisho kabla ya lile la "nimesafisha". Unganisha tawi lako na hilo la kabla. Migongano ikitokea hapo itakuwa ya kawaida, ya watu waliogusa mstari mmoja. Ukimaliza, chukua programu ileile aliyoitumia mwenzako, toleo lilelile, mipangilio ileile, uipitishe kwenye faili zote za mradi, si zile ulizozigusa wewe tu, kisha uhifadhi. Hapo tawi lako litakuwa limevaa sare moja na tawi kuu. Sasa unganisha na badiliko la "nimesafisha" kwa `git merge -s ours`, ukitaja namba yake. Amri hiyo inaiambia Git: historia ya huko naikubali, yaliyomo yabaki yangu. Yaliyofuata baada ya hapo utayaunganisha kama siku zote.

Sharti lipo moja. Badiliko la mwenzako liwe la kupanga tu, asiwe amechomeka humo hata mstari mmoja wa kurekebisha kitu "maadamu nipo hapa". Akiwa amechomeka, `-s ours` itautupa mstari huo kimyakimya. Kuhakikisha si kazi: jenga maktaba kabla na baada ya badiliko lile, bila `-g` (taarifa za kutafutia makosa) na kwa kuongeza `-DNDEBUG` (inayozima `assert`, sentensi za kujikagua), halafu linganisha faili za `.o` zinazotolewa na kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine. Zinapaswa kufanana baiti kwa baiti. Hiyo `-DNDEBUG` usiisahau. `assert` hubeba namba ya mstari wake ndani, na mistari yote imehama. Mimi niliisahau mara moja, nikakaa alasiri nzima nikimshuku mtu asiye na kosa.

Kuhusu `git blame`, dawa ipo tangu toleo la 2.23 la Git, la mwaka 2019. Tengeneza faili iitwayo `.git-blame-ignore-revs`, andika humo namba kamili ya badiliko la "nimesafisha", kisha kila mmoja wenu aendeshe `git config blame.ignoreRevsFile .git-blame-ignore-revs` kwenye mashine yake. Kuanzia hapo Git itaruka badiliko hilo na kukuonyesha mwandishi wa kweli, isipokuwa hapa na pale ambapo mstari ulikatwa vipande au kuunganishwa na mwingine. Mtaarifu na mwenzako. Nina hakika naye hafurahii kuonekana mwandishi wa kila kosa la mradi mzima.

Haya, sasa mtindo.

Umeniuliza upi sahihi. Kitabu cha Kernighan na Ritchie cha mwaka 1978, kilichowafundisha wengi lugha hii, kinafungua mabano ya `if` mwishoni mwa mstari, lakini ya funksheni kinayashusha chini. Kiini cha mfumo endeshi wa Linux kimefuata hivyohivyo, kikaongeza tabo yenye upana wa herufi nane. Mradi wa GNU, wa programu huria, unashusha mabano ya `if` kwenye mstari wake, unayajongeza nafasi mbili, yaliyomo ndani yanajongea mbili tena, na unaacha nafasi kati ya jina la funksheni na mabano ya duara. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alipoandika mwongozo wa Linux alishauri uchapishe kanuni za GNU kwenye karatasi, usizisome, uzichome moto. Mradi wa curl, programu ya kuhamishia data mtandaoni, unatumia nafasi mbili na mistari isiyozidi herufi 79. Sasa nitajie, ni upi kati ya hiyo umeshindwa kufanya kazi? Kompyuta uliyotumia kuniandikia barua hii ina msimbo wa angalau miwili kati yake, na haikulalamika.

Hata mipaka inayosemwa kama amri ya mbinguni ina asili ya kawaida sana. Herufi 80 kwa mstari ni upana wa kadi za kutoboa za IBM za mwaka 1928. Skrini za zamani zikaurithi, na sisi tukaurithi kwa skrini. Mwaka 2020 wenye kiini cha Linux walilegeza onyo la programu yao ya ukaguzi kutoka herufi 80 hadi 100, na dunia ikaendelea kuzunguka. (Mimi bado napenda 80, kwa sababu nafungua faili mbili ubavu kwa ubavu na macho yangu si ya jana. Hiyo ni sababu yangu, si sheria yenu.)

Kwa hiyo chagueni wowote ule ambao tayari una mwongozo ulioandikwa na watu wengine. Sababu ya kutaka wa watu wengine ni kwamba hakuna hata mmoja wenu atakayeonekana ameshinda. Mtabishana kwa dakika ishirini badala ya vikao vitatu, na ikishindikana pigeni kura.

Lakini kuna jambo katika barua yako lililonisumbua kuliko mabano. Vikao vitatu, na hujataja hata mara moja kwamba mlizungumza funksheni zenu zinarudisha nini zinaposhindwa.

Acha nikusimulie. Mwaka wangu wa kwanza kazini, kwenye kampuni ambayo sitaitaja, tulikuwa wanne tukiandika programu ya kuhifadhi kumbukumbu za ghala. Tulibishana kuhusu ujongezo hadi meneja akatununulia ubao wa kuandikia hoja. Nilikuwa upande wa tabo, na nilikuwa mkali. Wakati huo mwenzetu mmoja alikuwa ameandika `hifadhi_rekodi()` inayorudisha 1 ikifanikiwa na 0 ikishindwa. Mwingine, aliyelelewa na mfumo endeshi wa Unix, kwake 0 maana yake ni salama. Akaandika:

```
if (hifadhi_rekodi(&r) != 0)
        hifadhi_rekodi(&r);   /* jaribu tena */
```

Ulijongezwa kwa tabo, mzuri kama nini. Matokeo yake, kila rekodi iliyohifadhiwa salama ilihifadhiwa mara mbili. Mtu aliyeona marudio hayo hakuuliza yanatoka wapi. Aliandika programu ndogo ya kuyafuta kila usiku, na sote tukamsifu. Ikaenda hivyo miezi. Siku diski ilipojaa, funksheni ikaanza kurudisha 0, msimbo ukasoma 0 kama salama, na siku nne za kumbukumbu hazikuandikwa popote. Aliyekwenda kumweleza mteja ni mimi. Ubao wa hoja za ujongezo ulikuwa bado ukutani.

Na msidhani lugha yenyewe itawaokoa, maana C haijawahi kukubaliana na nafsi yake. `fclose` hurudisha 0 ikifanikiwa. `fopen` hurudisha kielekezi (anwani ya kitu kwenye kumbukumbu), na ikishindwa ni `NULL`, ambayo ndani ya `if` ni uongo. `isdigit` hurudisha chochote kisicho 0 kikiwa kweli. `strcmp` hurudisha 0 maneno yakiwa sawa, hivyo anayeanza husoma `if (strcmp(a, b))` kinyume kabisa. Mwongozo wa Linux una kanuni ninayoipenda kuliko zote humo: jina la funksheni likiwa ni kitendo au amri, kama "hifadhi" au "tuma", irudishe namba ya kosa, na 0 ni salama. Jina likiwa ni swali, kama "imejaa" au "ipo", irudishe kweli au uongo. Ukisoma jina tu unajua uandike `if` ya namna gani. Laiti tungekuwa na sentensi hiyo moja ukutani.

Kwa hiyo kikao chenu cha nne, ambacho naomba kiwepo, kianzie huko. Funksheni ikikupa kielekezi, nani anapaswa kukiachilia kwa `free`: aliyepewa au maktaba? Andikeni juu ya kila funksheni kwenye faili la kichwa, lile linalotangaza funksheni za maktaba. Funksheni inapofungua faili, ikaomba kumbukumbu, kisha ikakwama katikati, inasafisha vipi? Wengi hutumia `goto`, amri ya kurukia mstari mwingine, kwenda chini mahali pamoja pa kusafishia, na miongozo mikubwa inaruhusu. Mkiruhusu, andikeni mmeruhusu, asije mtu aliyefundishwa shuleni kwamba `goto` ni dhambi akaanza kuzing'oa.

Hapo ndipo na mabano yanapopata uzito wa kweli, na si pale mnapoyafungulia. Swali ni kama mnayaweka hata pale `if` inapobeba mstari mmoja tu. Februari 2014 Apple ilitoa marekebisho ya dharura ya iPhone na kompyuta zake kwa sababu ya hali kama hii:

```
if (kosa != 0)
    goto fail;
    goto fail;
```

Mstari wa tatu umejongezwa kana kwamba uko ndani ya `if`, lakini hauko. Bila mabano, `if` inashika sentensi moja tu. `Goto` ya pili inatekelezwa kila mara. Ilikuwa kwenye msimbo unaohakiki utambulisho wa seva, hivyo hatua ya mwisho ya kukagua saini ikarukwa, na kwa kuwa kigeu cha kosa kilikuwa bado 0, funksheni ikarudisha "salama". Watu hupenda kusema mabano yangeizuia. Labda. Ningeona pia kwamba mstari uliorudiwa ungeweza kuangukia nje ya mabano, na ukaguzi ungekufa vilevile. Hata hivyo mimi ni mtu wa mabano kila mahali, na kanuni za MISRA, zinazotumika sana kwenye programu za magari, zinayadai. Linux haiyadai. Amueni wenyewe, ila washeni maonyo ya kompaila kwa `-Wall`: tangu GCC 6 ya mwaka 2016 kompaila hiyo inatoa onyo ujongezo unapodanganya namna ile.

Yanayobaki mwachieni mashine. `clang-format`, programu ya kupanga msimbo, ikiwekewa faili la `.clang-format` kwenye mzizi wa mradi itapanga nafasi, tabo na mabano bila kumwonea mtu haya. Mambo mawili yatawauma msipojihadhari. La kwanza, matoleo tofauti ya programu hiyo hupanga msimbo uleule tofauti kidogo, hivyo kubalianeni toleo moja, la sivyo wawili wenu watakuwa wakibadilishiana mistari milele bila kujua. La pili, inaweza kupanga upya mistari ya `#include`, inayoingiza faili za kichwa, kwa alfabeti, na katika C mpangilio huo wakati mwingine una maana; kuna faili la kichwa linalotegemea jingine litangulie. Wekeni `SortIncludes: Never`, au kwenye matoleo ya zamani `false`, mpaka mkague. Kwenye jedwali la namba mlilolipanga kwa mkono likapendeza, zungushieni `// clang-format off` na `// clang-format on`, msije mkalia.

Halafu ukaguzi uwekwe kwenye seva inayojenga mradi: msimbo usiopangwa haupiti. Mtu akiambiwa na mashine kwamba amekosea nafasi hanuni. Akiambiwa na mwenzake ambaye jana walibishana, unayajua.

Umesema pia kuna anayetaka tabo, na ninaandika "tabo" makusudi ili mhariri asiigeuze "tabu", ingawa pengine asingekuwa amekosea. Msikilizeni kidogo kabla ya kura. Tabo humruhusu kila mtu kuchagua upana kwenye skrini yake, na kwa mwenye uoni hafifu anayekuza maandishi, hilo si urembo. Nafasi nazo huonekana sawa kila mahali. Linaloshindikana ni kuchanganya vyote viwili kwenye faili moja.

Na yule msafishaji wa usiku. Alikosea utaratibu, ila kazi aliyoifanya ilikuwa lazima ifanywe na mtu siku moja. Ingetangazwa, kila mtu angeingiza matawi yake kwanza, ikapitishwa asubuhi watu wakiwa macho. Nenda kamwambie `-s ours` itakuokoa, na umwombe mipangilio aliyotumia. Utaihitaji, kwa hiyo una sababu ya kumsemesha.

Shangazi, habari za kazi? Kila `struct` yetu (fungu la data) tunaipa `typedef` (jina jipya la aina) yenye `_t` mwishoni, na vielekezi vyake pia tunavificha humo ili msimbo usijae nyota zinazoviashiria. Amekuja mtu mpya anasema tumevunja sheria. Sheria ya nani?
*Mpenda Majina Mafupi*

Njema. Sheria ya POSIX, kanuni za pamoja za mifumo ya aina ya Unix, ambayo imejihifadhia majina yanayoishia na `_t` kwa matumizi yake, kama ilivyofanya na `pid_t`. Wengi wanaivunja na hawajagongwa na chochote. Ukiweka kiambishi cha mradi wako mbele, `hewa_kipimo_t`, uwezekano wa kugongana ni mdogo mno, na mimi nisingekutoa usingizi kwa hilo. Ningekutoa kwa majina yanayoanza na vistari viwili vya chini, mfano `__VIPIMO_H__` kwenye faili za kichwa. Hayo ni mali ya kompaila kwa mujibu wa kanuni rasmi za C zenyewe.

Ila kuficha nyota ndiko kunakonikera. Umeandika `typedef struct kipimo *Kipimo;` kisha funksheni inapokea `const Kipimo k`. Unadhani umeahidi kutobadilisha kipimo. Hujaahidi. Ulichofunga ni kielekezi. Kipimo chenyewe kiko wazi na funksheni inaweza kukiandika inavyotaka bila kompaila kukohoa. Iache nyota ionekane. Na ukiiandika, ibandike kwenye jina la kigeu, `char *a`, kwa sababu `char* a, b;` inakupa kielekezi kimoja na herufi moja, hata kama macho yanasoma viwili.

Kwako Shangazi. Tunaruhusiwa kuandika majina ya vigeu na funksheni kwa Kiswahili, au ni ushamba?
*Mwana wa Lugha*

Mwanangu, mimi huandika hivyo kwenye programu zangu mwenyewe, na mifano mingi ya hapo juu ni ya Kiswahili. Ushamba uko wapi? Kuna hata faida: jina kama `soma_kipimo` haliwezi kugongana na chochote cha maktaba ya kawaida. Zamani ungepata shida ya kweli. Kanuni za C za mwaka 1989 ziliwataka wajenzi wa kompaila wahakikishe herufi sita tu za mwanzo kwa majina yanayoonekana nje ya faili, ndiyo maana `malloc`, `strlen`, `printf` na `memcpy` yote yana herufi sita. Kwa kipimo hicho `hifadhi_rekodi` na `hifadhi_picha` yangeweza kuwa jina moja: `hifadh`. Kanuni za mwaka 1999 zilipandisha idadi hadi 31, na hapo Kiswahili kikapata pa kupumulia.

Mkikubaliana kutumia Kiswahili, andikeni orodha ya maneno. Mmoja akisema "kihisi" na mwingine "kitambuzi", mtakuwa na aina mbili za kitu kimoja ndani ya miezi miwili. Amueni pia kama ni `soma_kipimo` au `kipimo_soma`. Mimi hutanguliza kitu kabla ya kitendo kwenye maktaba, ingawa inasikika kama Kiswahili kilichovunjika, kwa sababu C haina namna nyingine ya kukusanya majina ya familia moja. Na ng'ombe apoteze ritifaa yake. Kompaila inaisoma kama mwanzo wa herufi iliyonukuliwa. Kama mnatarajia wachangiaji wasiojua Kiswahili, basi msianze.

Shikamoo Shangazi, nimetuma marekebisho yangu ya kwanza kwenye mradi mkubwa wa wazi. Nimerekebisha kosa la kweli, kabisa. Wamenirudishia mara tatu: nafasi mwishoni mwa mstari, kisha maelezo ya `//` wakati wao wanatumia `/* */`, kisha nimeambiwa nimegusa mistari isiyohusika. Wananionea?
*Mgeni Mlangoni*

Marahaba. La tatu hawajakuonea hata kidogo. Edita yako imepanga faili zima ulipohifadhi, na sasa rekebisho lako la mistari miwili limefichwa ndani ya mistari mia. Zima kipengele hicho kwa mradi huo. Nafasi za mwishoni utaziona kabla yao ukiendesha `git diff --check`. Maelezo ya `//` yaliingia rasmi kwenye C mwaka 1999, na ipo miradi inayolinda kompaila za kabla ya hapo. Uliza kama na huo ni mmojawapo.

Walichokosea ni kukurudisha mara tatu kwa mambo waliyoweza kuyasema mara moja. Waombe faili la `.clang-format`. Wakisema hawana, usijitolee kuwatengenezea leo. Subiri marekebisho yako matatu hivi yapokelewe, ndipo ulilete, likiwa peke yake, bila kupanga upya hata faili moja la kwao.